Maswali ya Wasomaji: Kuisimamisha Programu Katikati ya Kazi na Kuiendeleza Ilipoishia

Barua za toleo hili zote zinahusu jambo moja: kuchukua programu iliyo katikati ya kazi kwenye Linux, kuandika hali yake yote diskini, kisha kuiendeleza baadaye au kwenye mashine nyingine. Chombo kinachotajwa karibu katika kila barua ni CRIU, mradi ulioanzishwa na Pavel Emelyanov mwaka 2011 na ambao toleo lake 1.0 lilitoka Novemba 2013. Katika majibu yetu "keneli" ni kiini cha mfumo endeshi, "mchakato" ni programu inayotekelezwa, na "picha" ni faili ambazo CRIU huandika hali ya mchakato ndani yake.

SWALI: Kwa nini nisichukue tu nakala ya kumbukumbu ya mchakato kwa gcore, kisha niirudishe baadaye? Kumbukumbu si ndiyo programu yenyewe?

Ni nusu yake. Programu ikifungua faili, keneli huipa namba, tuseme 7. Ndani ya kumbukumbu ya programu imo hiyo 7 na basi. Ni faili gani, imesomwa hadi baiti ya ngapi, ilifunguliwa kwa kusoma au kwa kuandika, nani mwingine anaishiriki: yote hayo yako upande wa keneli. Ukirudisha kumbukumbu peke yake, programu itaandika kwenye 7 na kupokea kosa la EBADF (namba ya faili isiyo halali). Balaa kubwa zaidi ni pale ambapo 7 imeshapewa faili nyingine, kwa sababu hapo itaandika bila kosa lolote na kuiharibu.

Hivyo hivyo kwa namba ya mchakato, baba yake, sesheni yake, nyuzi zake (mikondo ya utekelezaji ndani ya mchakato mmoja), ishara (taarifa fupi zinazotumwa kwa mchakato) zinazosubiri kupokelewa, vipima muda, haki za mmiliki, saraka ya kazi, data iliyobaki ndani ya paipu (mfereji wa data kati ya michakato), na soketi (ncha za mawasiliano). Mchakato wenyewe hauna nakala ya vitu hivi. Kazi yote ya kupiga picha ni kuihoji keneli, na keneli hujibu kupitia milango yake tu: saraka ya /proc (faili ambazo keneli huelezea humo kila mchakato), mwito wa ptrace (wa kusimamisha na kuchungulia mchakato mwingine), netlink (soketi ya kuzungumza na keneli), na miito michache ya mfumo, yaani maombi ambayo programu huipa keneli.

Kabla ya CRIU kulikuwa na jitihada za kuiweka kazi hii ndani ya keneli. OpenVZ, mradi wa kontena za Linux, walikuwa na yao, na viraka (mabadiliko ya msimbo yaliyopendekezwa) vya Oren Laadan vilijadiliwa kwa muda mrefu bila kuingizwa kwenye keneli kuu. CRIU ilichagua kufanya kazi nje ya keneli na kuomba mlango mdogo kila pale ulipokosekana. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi uliouokoa mradi, na ndio unaoeleza karibu kila kosa utakalokutana nalo: picha ikikataa kupigwa, tafuta ni kipande gani cha hali ambacho hakina mlango wa kukisoma, au hakina wa kukirudishia.

SWALI: Nimeandika hati ya Python inayokusanya hali ya mchakato kutoka /proc. Nikiiendesha mara mbili mfululizo napata majibu yasiyolingana. Nakosea wapi?

Hujaugandisha mchakato. Faili za /proc hujengwa pale unapozisoma, kwa hiyo kati ya kusoma maps na kusoma fd, programu inaweza kuwa imeshabadilisha vyote viwili. Faili ya /proc/PID/task/TID/children (PID ni namba ya mchakato, TID ya uzi) ni mfano mzuri: orodha yake huwa ya kuaminika pale tu watoto wote wamesimama. Wakiwa wanaendelea kuzaliwa na kufa, inaweza kumruka mmoja.

Anza na PTRACE_SEIZE kwa kila uzi, kisha PTRACE_INTERRUPT. Usitumie PTRACE_ATTACH wala SIGSTOP, kwa sababu zote mbili hupitia kwenye ishara, na ishara ni sehemu ya hali unayotaka kuihifadhi. PTRACE_SEIZE ilikuja na keneli 3.4 na haiachi alama hiyo. Ukimaliza kuwagandisha uliowaona, soma tena saraka ya task na faili ya children: uzi unaweza kuwa umezaa mwingine sekunde ileile uliyokuwa ukimkamata jirani yake. Rudia mpaka orodha isibadilike. Njia ya mkato ni cgroup, kundi la michakato ambalo keneli hulisimamia kwa pamoja: katika toleo la pili la cgroup andika 1 kwenye cgroup.freeze, subiri cgroup.events ionyeshe "frozen 1", ndipo uanze kusoma. CRIU hufanya hivyo ukiipa --freeze-cgroup.

Sasa soma. smaps hukupa kila eneo la anwani na bendera zake. Viungo vilivyo ndani ya map_files hukuwezesha kuifungua faili iliyochorwa kwenye kumbukumbu hata kama jina lake limeshafutwa kwenye saraka. Sehemu za 45 hadi 51 za stat zinakuambia mahali data inapoanza na kuishia, heap inapoanzia, na mipaka ya hoja na mazingira. timers ina vipima muda vya POSIX. Na fdinfo, ambayo wengi huipuuza, ndiyo yenye utajiri. Kwa faili ya kawaida utapata pos na flags (angalia, flags zimeandikwa kwa namba za msingi wa nane). Kwa epoll (chombo cha kusubiri faili nyingi kwa pamoja) utapata mstari wa tfd kwa kila faili inayosubiriwa, pamoja na matukio na data yake. Eventfd ina kihesabu chake, timerfd ina muda uliobaki, inotify (kichungaji cha mabadiliko ya faili) ina wd, ino na mask za kila kinachochungwa. Hati inayosoma fd bila fdinfo itajua kwamba kuna epoll, lakini haitaweza kuijenga upya.

SWALI: Nimesoma kwamba CRIU huingiza msimbo wake ndani ya programu inayopigwa picha. Kuna haja gani, na je, programu hubaki salama?

Haja ipo kwa sababu kuna maswali ambayo keneli humjibu mwenye mchakato peke yake. Vishughulikiaji vya ishara, yaani rt_sigaction, havina faili ya /proc inayovieleza kikamilifu: status hutaja ni ishara zipi zimeshikwa, haitaji anwani ya kishughulikiaji. Vipima muda vya setitimer ni vilevile. Kwa hiyo lazima mchakato wenyewe uulize.

CRIU huhifadhi rejista na barakoa ya ishara (orodha ya zilizozuiwa) za uzi uliogandishwa, huandika maagizo machache mahali penye ruhusa ya kutekelezwa, na kuulazimisha mchakato uite mmap, mwito wa kuomba eneo jipya la kumbukumbu. Kwenye eneo hilo jipya ndipo huwekwa msimbo mdogo usiotegemea anwani wala maktaba yoyote, ambao watengenezaji wanauita kimelea. Kimelea huzungumza na CRIU kwa soketi ya Unix. Ndicho kinachotoa pia kurasa za kumbukumbu: huziunganisha kwenye paipu kwa vmsplice, na CRIU huzimimina kwenye faili bila kuzinakili kwanza. Kazi ikiisha, eneo huondolewa kwa munmap, baiti zilizobadilishwa hurudishwa, na rejista huwa kama zilivyokuwa. Programu ikiachwa iendelee haina njia ya kawaida ya kugundua lililotokea, isipokuwa kwa kuangalia saa.

Programu yenye kichujio cha seccomp (kinachozuia miito ya mfumo isiyoruhusiwa) ingeuawa mara kimelea kinapotumia mwito usioruhusiwa. Kwa ajili hiyo keneli 4.3 iliongeza PTRACE_O_SUSPEND_SECCOMP, inayosimamisha kichujio kwa muda. Na kwa kuwa mchakato hukubali mfuatiliaji mmoja tu wa ptrace, programu iliyo chini ya vyombo vya uchunguzi kama gdb au strace haipigiki picha mpaka uviondoe.

SWALI: Michakato miwili ina faili ileile wazi. Nitajuaje kama wanashiriki ufunguzi mmoja au kila mmoja ameifungua kivyake? Jina na inode (namba ya faili diskini) ni vilevile.

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Baba akifungua faili kisha akazaa mtoto, wote wawili wanashiriki muundo mmoja wa struct file (rekodi ya keneli ya ufunguzi huo), na mmoja akisoma baiti 100 nafasi ya mwenzake nayo husogea 100. Wakifungua kila mtu kivyake, kila mmoja ana nafasi yake. Ukirejesha vibaya, programu haitaanguka siku hiyo. Itaanza kuruka mistari au kuandika juu ya maandishi ya mwenzake, na utahangaika wiki nzima kutafuta hitilafu.

Jibu ni mwito wa kcmp, uliokuja na keneli 3.5. Unaupa namba mbili za michakato, aina ya ulinganisho, na namba mbili za faili:

kcmp(pid1, pid2, KCMP_FILE, fd1, fd2)

Ukirudisha 0, ni kitu kimoja ndani ya keneli. Ukirudisha 1 au 2, ni viwili, na namba hiyo hukuambia kipi kinatangulia katika mpangilio. Mpangilio huo una maana kubwa. Ukiwa na faili 10,000 zilizo wazi, kulinganisha kila moja na kila nyingine ni karibu jozi milioni 50. Kwa kuwa kcmp huweka mpangilio, unaweza kuzipanga kwenye mti na kumaliza kwa ulinganisho usiozidi kumi na nne hivi kwa kila faili. CRIU hupunguza zaidi kwa kutenganisha kwanza kwa kifaa, inode na nafasi, na kuita kcmp pale tu hivyo vikilingana. Keneli haitoi anwani halisi za miundo yake. Huzivuruga kwanza ili mpangilio usivujishe siri.

Aina nyingine ni KCMP_VM kwa kumbukumbu, KCMP_FILES kwa jedwali zima la faili, KCMP_FS, KCMP_SIGHAND, KCMP_IO na KCMP_SYSVSEM. KCMP_EPOLL_TFD iliongezwa baadaye, kwenye 4.13.

SWALI: Naomba hatua za jaribio la kwanza, kwa mtu ambaye hajawahi kugusa CRIU. Na makosa ya kawaida yanasemaje?

Anza na `criu check`, ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo). Ikiandika "Looks good." keneli yako ina vinavyohitajika. Tumia `criu check --all` kuona pia vya ziada. Kisha anzisha programu ndogo isiyofungwa kwenye terminali, kwa mfano hati ya shell inayoandika namba kila sekunde:

setsid ./hesabu.sh < /dev/null > hesabu.log 2>&1 &

Tafuta namba yake kwa pgrep, tengeneza saraka, na upige picha:

mkdir /var/tmp/picha
criu dump -t PID -D /var/tmp/picha -v4 -o dump.log

Kwa kawaida mti wote wa mchakato huuawa baada ya dump kufaulu. Angalia kwamba namba zimekoma kuandikwa, kisha:

criu restore -D /var/tmp/picha -d -v4 -o restore.log

Hesabu itaendelea pale ilipoachwa. Kabla ya kurejesha tunakushauri ufungue picha uone kilichomo, maana hapo ndipo mambo yanaeleweka. `crit x /var/tmp/picha ps` huonyesha mti wa michakato, `crit x /var/tmp/picha fds` faili zilizo wazi, na `crit show core-PID.img` rejista na mengine. Kumbukumbu yenyewe iko kwenye pages-1.img, na pagemap-PID.img hueleza ukurasa upi ni wa anwani ipi.

Makosa sasa. Ukianzisha programu moja kwa moja kwenye terminali bila setsid, dump.log itataja tty (yaani terminali) na kukushauri utumie --shell-job. Itumie kwenye dump na kwenye restore pia. Sababu ni kwamba sesheni na terminali ni vya shell, ambayo haimo kwenye mti unaopigwa picha.

Ukiona "has bad size" wakati wa kurejesha, faili iliyokuwa wazi imebadilika urefu tangu picha ipigwe. Hutokea sana kwa waliotumia --leave-running: programu iliendelea kuandika kwenye logi yake, picha ikabaki na urefu wa zamani. CRIU haihifadhi yaliyomo ndani ya faili za kawaida. Kwa hiyo nakili mfumo wa faili wakati programu bado imegandishwa, na urejeshe vyote viwili pamoja.

Ukiona kwamba namba ya mchakato inatumika, mwingine ameichukua. CRIU hulazimika kurudisha namba ileile, kwani programu inaweza kuwa imeihifadhi kokote kwenye kumbukumbu yake. Zamani ilifanyika kwa kuandika namba iliyotangulia kwenye /proc/sys/kernel/ns_last_pid na kuzaa haraka kabla hajaingia mwingine. Tangu keneli 5.5, clone3 hupokea namba unayoitaka kupitia set_tid. Dawa ya kudumu ni kuendesha programu ndani ya neimspesi (eneo lililotengwa) yake ya namba za michakato, kama zinavyofanya kontena. Kwa anayetumia Podman, chombo cha kuendesha kontena, kazi yote ni `podman container checkpoint --export=/var/tmp/kazi.tar.gz JINA`, halafu `podman container restore --import=/var/tmp/kazi.tar.gz`.

Faili iliyofutwa huku ikiwa bado wazi huingizwa ndani ya picha, lakini isizidi MB 1 mpaka uongeze --ghost-limit. Kama jina lililofunguliwa limefutwa lakini faili bado ina jina jingine, ongeza --link-remap. Programu inayofunga faili kwa kufuli inahitaji --file-locks. Na kama dump inashindwa kwa programu ambayo jana ilikubali, kisha ukagundua kuwa glibc (maktaba ya msingi ya C) imepandishwa kuwa 2.35 au zaidi, angalia toleo la CRIU: glibc hiyo husajili rseq (eneo la kumbukumbu ambalo uzi hulishiriki na keneli) kwa kila uzi, na CRIU iliyo chini ya 3.17 haiwezi kuishughulikia.

SWALI: Inawezekanaje muunganisho wa TCP ukarejeshwa? Upande wa pili si utaona umekatika?

Hauoni, ukifanya sawasawa. Keneli 3.5 ilileta TCP_REPAIR, chaguo la setsockopt linalohitaji CAP_NET_ADMIN, haki ya kusimamia mtandao. Soketi ikiwa katika hali hiyo, hutenda kazi kimyakimya. close() haitumi FIN wala RST (pakiti za kufunga na za kukata muunganisho). connect() huiweka soketi kuwa imeunganishwa bila kutuma SYN (pakiti ya kuomba muunganisho). send() huweka data kwenye foleni bila kuitoa mtandaoni. Kwa TCP_REPAIR_QUEUE unachagua foleni ya kutuma au ya kupokea, kwa TCP_QUEUE_SEQ unasoma au kuweka namba ya mfuatano, na kwa TCP_REPAIR_OPTIONS unarudisha mapatano ya muunganisho kama MSS, kipimo cha dirisha na SACK. Kwenye dump tumia --tcp-established, na kwenye restore vilevile.

Mahali panapoharibika ni muda kati ya dump na restore. Soketi haipo, na pakiti ikifika kwenye mashine isiyo na soketi, keneli hujibu RST na muunganisho unakufa papo hapo. Kwa hiyo CRIU huweka kwanza kanuni za ukuta wa moto (iptables au nftables) za kudondosha pakiti za muunganisho huo, na huziondoa baada ya kurejesha. Ukifuta kanuni hizo kwa mkono ukidhani ni takataka, umeua muunganisho. Ukihamia mashine nyingine, anwani ya IP lazima ihamie nayo, na kwenye mashine mpya kanuni ziwepo kabla anwani haijaanza kupokea.

Upande wa pili, kwa kukosa majibu, utarudia kutuma data yake. Kwa thamani ya kawaida ya tcp_retries2, ambayo ni 15, Linux huvumilia dakika 15 hivi, ila programu nyingi zina subira yao fupi zaidi. Kama programu yako inajua kuunganisha upya, achana na usumbufu huu wote utumie --tcp-close: soketi hurudi ikiwa imefungwa, programu hupata kosa na kuanza upya. Kwa wateja wa hifadhidata tunapendelea hiyo.

SWALI: Mchakato wetu una GiB 32 za kumbukumbu. Dump inaugandisha muda mrefu mno. Kuna njia?

Tuanze na hesabu. Kwa mtandao wa gigabiti 10 kwa sekunde, GiB 32 hazipiti chini ya sekunde 27. Ukisubiri zote huku mchakato umegandishwa, ndio muda wako.

Njia ya kwanza ni kunakili huku programu ikiendelea, kisha kugandisha kwa ajili ya zilizobadilika tu. Keneli 3.11 ilileta alama ya ukurasa ulioandikwa: unaandika 4 kwenye /proc/PID/clear_refs, alama zote zinafutwa, na baadaye biti ya 55 katika /proc/PID/pagemap inakuonyesha kurasa zilizoguswa. Kila ukurasa una baiti 8 katika faili hiyo. Biti ya 63 husema upo kwenye RAM, ya 62 kwamba uko kwenye swap. Kwa kurasa za KiB 4, GiB 32 ni kurasa 8,388,608, kwa hiyo kusoma pagemap peke yake ni MiB 64. Keneli 6.7 ina PAGEMAP_SCAN inayorudisha vipande unavyovitaka tu.

criu pre-dump -t PID -D /hifadhi/1 --track-mem
criu dump -t PID -D /hifadhi/2 --prev-images-dir ../1 --track-mem

Njia ya --prev-images-dir huhesabiwa kutoka saraka ya picha mpya, si kutoka ulipo wewe. Hapo hukwama watu wengi. Na usifute /hifadhi/1 baada ya dump: saraka ya pili ina kiungo cha parent kinachoielekeza, na bila ya kwanza nusu ya kumbukumbu haipo. Kufuta alama pia kuna gharama yake, kwani keneli huzuia kurasa zisiandikwe ili iweze kuona mguso wa kwanza, na programu hupunguza kasi kidogo kila ikigusa ukurasa mpya.

Ili kukwepa diski kabisa, endesha `criu page-server` kwenye mashine inayopokea, na picha ziandikwe kwenye tmpfs, mfumo wa faili ulio ndani ya RAM. Seva hiyo huhudumia mzunguko mmoja kisha huzima, kwa hiyo iwashe upya kila pre-dump.

Ikiwa programu inaandika haraka kuliko mtandao unavyobeba, mizunguko haitakusaidia, kila mara utakuta rundo lilelile. Hapo tumia --lazy-pages: mchakato huanza kwenye mashine mpya karibu mtupu, na kila ukurasa unaoguswa huletwa kwa userfaultfd, mlango wa keneli unaoiruhusu programu kujaza ukurasa unaokosekana. Kugandishwa huwa kufupi sana. Lakini mpaka ukurasa wa mwisho uhame, maisha ya programu yanategemea mashine zote mbili na mtandao ulio kati yao. Mashine ya zamani ikizimika katikati, hakuna kilichobaki cha kurejesha.

SWALI: Kwa nini tusisome miundo ya keneli moja kwa moja kwa drgn au crash, vyombo vya kuchungulia ndani ya keneli? task_struct, rekodi ya keneli ya kila mchakato, ina kila kitu.

Kwa uchunguzi, soma, ni njia nzuri. Kwa msingi wa kupiga picha, hapana. drgn husoma keneli hai kupitia /proc/kcore bila kushika kufuli lolote, kwa hiyo orodha unayoifuata inaweza kubadilika ukiwa katikati yake. Miundo nayo si ahadi: keneli 6.1 iliondoa mti na orodha ya zamani ya maeneo ya kumbukumbu ndani ya mm_struct na kuweka mti wa aina ya maple, na kila hati iliyokuwa ikifuata mm->mmap ikavunjika. Tena kusoma ni nusu ya safari. Huwezi kujenga soketi kwa kuandika baiti ndani ya keneli.

Pale inaposaidia ni CRIU ikigoma kwa namba ya faili usiyoielewa. Jaribu kwanza `readlink /proc/PID/fd/7`. Ikiandika anon_inode:[io_uring], umepata sababu, kwani CRIU haina njia ya kurejesha foleni za io_uring, ambazo programu hupitishia maombi ya kusoma na kuandika kwa keneli. Isipokueleza kitu, ndani ya drgn ita find_task, pitia for_each_file, na uangalie f_op (jedwali la kazi) ya faili hiyo ni alama ya dereva gani. Kama ni ya kadi ya michoro au kifaa kingine, hali iko ndani ya kifaa, nje ya milango yote tuliyoitaja, na inahitaji programu-jalizi ya kifaa hicho.

SWALI: Programu imerejeshwa vizuri kwenye mashine nyingine, kisha ikafa kwa SIGILL (ishara ya agizo lisilotambuliwa na prosesa) baada ya dakika chache.

Prosesa mpya haina maagizo yaliyokuwepo kwenye ya zamani. glibc huchagua aina ya memcpy (kazi ya kunakili kumbukumbu) na nyingine kama hizo programu inapoanza, kulingana na prosesa iliyopo, na anwani iliyochaguliwa imo tayari kwenye kumbukumbu uliyoihamisha. Kabla ya kuhama, endesha `criu cpuinfo dump` kwenye mashine ya kwanza na `criu cpuinfo check` kwenye ya pili. Ikiwa mashine zako zimechanganyika, anzisha programu tangu mwanzo ikiwa imewekewa mipaka kwa GLIBC_TUNABLES, kupitia glibc.cpu.hwcaps.

SWALI: Ni lazima niwe root?

Si lazima tangu keneli 5.9, yenye CAP_CHECKPOINT_RESTORE. Ipe CRIU haki hiyo kwa setcap (`cap_checkpoint_restore+eip`) na uiendeshe kwa --unprivileged. Utaweza michakato yako mwenyewe iliyo rahisi. TCP iliyounganishwa bado inadai CAP_NET_ADMIN. Kama kernel.yama.ptrace_scope ni 1, ptrace itakataliwa kwa mchakato usio mtoto wako.

SWALI: Programu yetu huchukua dakika nyingi kuanza. Tunaweza kupiga picha moja baada ya kuanza, kisha kurejesha nakala kumi kutoka picha hiyohiyo?

Mnaweza, kila nakala katika neimspesi zake na mfumo wake wa faili, lakini angalieni mambo mawili. Nakala zote kumi huamka na hali ileile ya kizalishaji cha namba nasibu kilicho ndani ya programu. Zitatoa vitambulisho vilevile, na ikiwa ni programu ya usimbaji fiche, zinaweza kutumia mara ya pili namba ambayo haipaswi kujirudia kamwe. Pigeni picha kabla kizalishaji hakijapandwa mbegu, au muifanye programu ikipande upya mara tu inaporejeshwa.

La pili ni picha zenyewe. pages-1.img ina kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu: nywila, funguo za siri, tokeni za hifadhidata, vyote bila kufichwa. Yeyote anayeweza kuisoma faili hiyo anaweza kuvitoa kwa amri ya strings. Ziwekeni kwenye saraka ya ruhusa 0700, zisiingie kwenye hazina ya pamoja ya kontena, na zikipita mtandaoni kwa page-server, tumieni --tls pande zote mbili.